Mimi, mjomba na jua lililokwenda mbali

Juzi asubuhi nimeamka nakuta mesej ya mjomba kwenye simu, haina salamu wala nini, imeandikwa tu "mwalimu kivuli kimehamia kaskazini". Nilifurahi jamani, nilikaa kitandani naisoma mara tatu nne. Hiyo mesej ina historia yake na ndo nataka niiandike leo kabla sijasahau ilivyoanza.

Ilianza mwezi wa saba mwaka jana. Mliokaa Arusha mnaijua Julai yetu, hasa huku juu Ngaramtoni, unaamka saa kumi na mbili wingu limeshuka mpaka kwenye mabati, mlima Meru huuoni wiki nzima, watoto wanaenda shule na masweta mawili mawili, muuza maziwa anakuja kajifunga shuka mpaka puani. Na katika baridi hiyo karibu kila mwaka inakuja mesej ileile, sijui nani anaitunza, ikifika Julai anaifungulia tu. Inasema dunia inaingia kwenye kitu kinaitwa afelioni, kwamba kwa kawaida jua liko kilomita milioni 90 kutoka kwetu, yaani mwanga unatumia dakika 5 kufika, ila sasa litakuwa kilomita milioni 152, ni asilimia 66 mbali zaidi, kwa hiyo baridi itakuwa kali mpaka Agosti, watu wataugua mafua na kikohozi na maumivu ya mwili, kuleni vitamini, mtumie kila unayempenda.

Mjomba akaituma kwenye grupu la ukoo. Mama mdogo akajibu fasta, ndo maana magoti yananisumbua. Binamu akaweka mikono ya kuomba. Mimi nafundisha jiografia, niko stafu rumu nasahihisha madaftari vidole vimekufa ganzi, nikaandika maneno mawili: "Uongo mtupu."

Hapo ndo nilipokosea, na nilikosea kweli kweli, kwa sababu haukuwa uongo mtupu.

Mjomba si mtu wa kunyamaza. Kaendesha malori miaka thelathini na kitu, kazunguka nchi hii yote na Kenya karibu nusu, hajasoma zaidi ya darasa la saba ila anasoma gazeti kuanzia kichwa cha habari mpaka matangazo ya vifo. Akamwita mjukuu wake amtafutie afelioni kwenye simu, na nusu saa baadae kwenye grupu ikaja picha ya skrini, afelioni ipo, inatokea kila mwaka mwanzoni mwa Julai, na umbali ni kilomita milioni 152. Chini akaandika "Mwalimu, hawa nao ni waongo?" Grupu zima kimya, linanisubiri mimi.

Sasa ukweli ni huu. Njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili, imebonyea kidogo sana, kwa hiyo mwanzoni mwa Januari tunakuwa karibu nalo, kama kilomita milioni 147, na mwanzoni mwa Julai tunakuwa mbali, kama milioni 152, hapo ndo panaitwa afelioni. Tofauti ni milioni 5, kama asilimia 3 tu. Kwa hiyo 152 ya kwenye mesej ni ya kweli kabisa. Ya uongo ni ile 90. Na mtu aliyeiandika (au walioiandika, sidhani ni mmoja) wamepanda namba moja ya uongo jirani na namba moja ya kweli na jina moja la kisayansi la kweli, ukienda kukagua unakutana na jina ni la kweli na 152 ni ya kweli, unarudi umeridhika, ile 90 hata huigusi. Mjukuu wa mjomba alikagua! Alifanya kile tunachowaambia kila siku wakague, na kukagua kwenyewe kukawazamisha zaidi.

Mimi nilivyosema uongo mtupu nikawa nimemwambia mjomba kwamba na ile mifupa ya kweli iliyomo ndani ni uongo, akaenda akaikuta mifupa, basi mimi ndo nikawa muongo. Angefanya hivyo mtu yeyote mwenye akili timamu.

Kwa kawaida ningeanza vita hapohapo. Nilikuwa nimeshaandika aya ndefu yenye herufi kubwa, nikaifuta, nikavaa koti nikasema jumamosi naenda kwake. Sababu ya kuifuta ni kitu kilichotokea 2018 ambacho bado kinaniuma.

Mnakumbuka ule ufa wa Mai Mahiu? Machi 2018, Kenya mvua zimepiga vibaya, ardhi ikafunguka maeneo ya Suswa upande wa Narok, sehemu nyingine kina kinapita mita 15, ikakata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok na nyumba za watu zikawa ukingoni. Zile picha za ndege zilizunguka dunia nzima, na vyombo vya habari vya nje vikaandika kwamba Afrika inagawanyika mara mbili, tunaona kwa macho yetu, bahari mpya inakuja. Mjomba wakati huo alikuwa bado barabarani, anapakia Nairobi anapita Mai Mahiu, Narok, Kisii, anatokea Sirari kwenda Mwanza, na siku zile alikwama kwenye foleni ya malori kwa sababu ya huohuo ufa. Aliuona kwa macho. Akarudi nyumbani siku ya msiba mmoja wa ukoo, tumekaa kwenye viti vya kukodi chini ya turubai, anawasimulia wazee kwamba bara linapasuka na yeye kasimama kwenye mdomo wake.

Mimi ndo kwanza nilikuwa na mwaka wa pili kazini, nimejaa. Nikaingilia. Nikasema hapana, ni mvua tu, udongo umemomonyoka, bara halipasuki kwa siku moja. Akasema mimi nimeuona. Nikasema kuona si kujua, haya mambo ni ya watu waliosoma. Nilisema hivyo mbele ya wazee, mbele ya watoto wake, msibani. Mjomba hakunijibu, alinyanyuka akaenda kukaa na madereva wenzake upande wa jikoni, na tulikaa kama miezi minne tukisalimiana shikamoo marahaba basi. Mama alinisema sana, mpaka leo akikumbuka ananisema.

Na kinachonikera zaidi ni kwamba kwenye hoja yenyewe nilikuwa sahihi nusu tu. Wanajiolojia wengi waliouzungumzia ufa ule walisema ni kazi ya maji. Eneo lile limejaa majivu ya zamani ya volkano kutoka Longonot na Suswa, ni laini, maji ya mvua kubwa yakipata njia chini kwa chini yanayabeba, huku juu unaona ardhi nzima kumbe chini pako wazi, siku moja paa linaanguka. Hakukuwa na tetemeko kubwa lililorekodiwa la kufungua shimo kama lile. Barabara walijaza mawe na zege magari yakapita tena. Mpaka hapo niko sawa.

Lakini niliposema bara halipasuki nilikuwa nasema kitu cha ajabu kwa mwalimu wa jiografia anayeishi ndani ya bonde la ufa! Linapasuka. Upande wa mashariki unajitenga na Afrika iliyobaki kwa milimita chache kwa mwaka, taratibu kuliko kucha zinavyoota, na kufika kwenye bahari ni mamilioni mengi ya miaka. Hata hivyo si kila siku ni taratibu. Septemba 2005 kule Afar, Ethiopia, ardhi ilifunguka kwa urefu wa kilomita kama 60 na sehemu nyingine ikaachana mpaka mita 8, ndani ya wiki chache, kwa sababu uji wa moto ulipanda kutoka chini ukajipenyeza kwenye mipasuko. Hilo nilikuja kulisoma baadae, baada ya msiba, peke yangu usiku, nikahisi joto la aibu usoni. Nilikuwa nimemwambia mzee haiwezekani, na imeshawahi kutokea kwenye bonde hilohilo.

Na nilikuwa na ushahidi mwilini mwangu mwenyewe. Julai 2007 niko kidato cha pili hapa Arusha, dunia ikaanza kutetemeka, leo kidogo, kesho tena, tarehe 17 likapiga lile kubwa la 5.9, tulitoka madarasani tunakanyagana, wengine wakalala nje siku kadhaa na baridi yote ile. Ilikuwa ni chini ya mlima Gelai, karibu na ziwa Natron, uji wa moto unajipenyeza ardhini bila kufika juu. Septemba Ol Doinyo Lengai ukaanza kurusha majivu mpaka mwaka uliofuata. Yaani mimi nilikimbia kwa miguu yangu kutoka kwenye bonde la ufa linalojinyoosha, miaka kumi na moja baadae namwambia mjomba wangu aliyesimama Mai Mahiu kwamba hajui anachokiona.

Kwa hiyo hiyo jumamosi ya Julai naenda kwake nilikuwa na nia moja, nisianze na neno hapana.

Nikamkuta kakaa jikoni karibu na jiko la mkaa. Shikamoo mjomba, marahaba, karibu chai. Nikamwambia mjomba ulikuwa sahihi, afelioni ipo na 152 ni kweli, nilikosea kusema uongo mtupu. Akanitazama. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa vita na vita haikuja. Akasema haya, endelea.

Nikamuuliza, mesej inasema siku nyingine zote jua liko milioni 90. Kama mwezi wa kwanza lilikuwa 90 na leo 152, jua la leo lingeonekana dogo, tofauti kama ya sahani na kisosi. Wewe umeendesha gari miaka yote hiyo unakimbizana na jua la asubuhi na la jioni, umewahi kuliona linakuwa kisosi Julai? Akafikiria kweli, hakunijibu haraka. Akasema hapana, jua la jioni barabara ya Singida ni lilelile mwaka mzima. Nikamwambia na joto je, tungebaki na theluthi moja na kidogo tu ya joto lote, tusingeongelea mafua, maziwa yangeganda. Akatikisa kichwa, akasema basi hiyo 90 wameweka ya kwao.

Hilo likaisha kwa dakika tano. Nikajiona nimemaliza, nikataka kufunga na jibu la kitabuni, nikasema baridi ya Julai sababu yake ni mwinamo wa dunia, mhimili umeinama nyuzi 23 na nusu, Julai kaskazini wameelekea jua ndo maana Ulaya wanaungua na joto mwezi huohuo ambao jua liko mbali, sisi wa kusini tumegeuka upande mwingine. Hili nafundisha kila mwaka. Wanafunzi wanaandika, wanafaulu.

Mjomba akamimina chai, akauliza: "Sisi kusini ya wapi? Si unasema siku zote tuko karibu na ikweta?"

Nikasema ndio, nyuzi 3 na kidogo. "Sasa huo mwinamo unatugeuza kiasi gani? Na Mwanza je? Mimi nimeshusha mzigo Mwanza mwezi wa saba mara ngapi, mchana unavua shati. Mwanza iko mbali na ikweta kuliko sisi?" Akaendelea, mimi nimekamata kikombe tu. "Nairobi Julai unavaa koti, ukifika Kisumu unalitupa nyuma ya siti. Siku hiyohiyo. Jua wanatumia moja."

Jamani. Nimefundisha hii mada miaka mingi na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, na mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza. Mwanza iko kama nyuzi 2 na nusu kusini, tuko karibu sawa kabisa. Umbali wa jua ni mmoja, mwinamo ni mmoja. Kama ni umbali ndo unaleta baridi basi Mwanza nao wangeganda, na kama ni mwinamo, vilevile. Kwa swali moja la dereva ile mesej ilikufa, na jibu langu la kitabuni likaanguka pamoja nayo.

Nilimwambia mjomba nipe siku mbili.

Nikaenda kupiga hesabu. Na hapa nataka msomaji ukae vizuri kidogo maana ndo utamu wenyewe. Kwetu huku karibu na ikweta, kwa kuwa jua Julai liko mbali kidogo, mwanga unaofika juu ya anga ni pungufu kwa asilimia 6 au 7 ukilinganisha na Januari. Mwinamo nao, jua la saa sita mwishoni mwa Juni limelala kaskazini nyuzi karibu 27 kutoka utosini, Desemba limelala kusini nyuzi 20 hivi, ukilinganisha hizo mbili unapata upungufu kama wa asilimia 5. Maana yake kwa Arusha umbali una nguvu karibu sawa na mwinamo! Kwa mtu wa Ulaya umbali si kitu mbele ya mwinamo, kule mwinamo unafanya karibu kila kitu, lakini kitabu chetu kimebeba jibu la mtu wa Ulaya kikatupa sisi. Mjomba aliposema jua likienda mbali linapunguza joto hakuwa anaota. Linapunguza. Ila ni kidogo, na halichagui Arusha likaiacha Mwanza.

Kinachochagua ni upepo na mawingu. Miezi hii ni ya kusi, upepo unatoka kusini mashariki baharini, huko kusini ni kipupwe kwa hiyo unakuja na ubaridi na unyevu, ukigonga Meru na Kilimanjaro unapanda juu, unapoa, unakuwa wingu zito la chini linalokaa juu ya vichwa vyetu mchana kutwa. Nairobi nao wanakaa upande unaopokea upepo huo, ndo yale mawingu yao ya Julai. Ukifika Mwanza au Kisumu hewa imeshapita nchi kavu, wingu lile la chini halipo, jua linapiga. Mwinuko nao unachangia, sisi tuko juu zaidi kuliko Mwanza, ila mwinuko haubadiliki Januari na Julai, kwa hiyo peke yake hauwezi kuwa sababu ya msimu.

Nilitaka niandike yote haya kwenye grupu. Nikaona hapana, mjomba anataka kitu cha kushika. Jumatatu baada ya vipindi nikapitia kwa fundi mmoja jirani nikachukua fito iliyonyooka, tukaikata mita moja juu ya ardhi, tukaisimamisha uani kwa mjomba kwa kutumia timazi ili isiegemee popote. Nikamweleza, kesho mchana tunapima kivuli, kikiwa kifupi kuliko vyote hapo ndo jua liko juu kabisa, na kwa Arusha si saa sita kamili, ni kama saa sita na dakika 38, maana saa yetu imewekwa kwa meridiani, yaani mstari wa longitudo, ya mbali mashariki huko. Kivuli kitaelekea kusini kwa sababu jua liko kaskazini. Januari kitaelekea kaskazini. Huo ndo mwinamo, utauona uani kwako bila kuniamini mimi wala mesej.

Jumanne tukasubiri kivuli. Hakuna, wingu. Jumatano ana simu mkononi ananipigia shule, mwalimu hakuna kivuli. Alhamisi hakuna. Ijumaa nikaenda mwenyewe tukakaa kwenye viti tunaangalia fito inasimama tu kwenye udongo wa kijivu, haina kivuli hata cha unywele, tumejifunga mablanketi wote wawili. Kama saa saba hivi mjomba akasema polepole, kama anaongea na ile fito, "sasa jua lenyewe halifiki chini, tutapata wapi joto."

Sikuongeza neno. Nilikuwa na maelezo yote ya kusi kichwani na nilinyamaza, maana alikuwa ameshafika. Baadae ndo akaniuliza mawingu yanatoka wapi, na hapo nikamweleza upepo, na yeye akaniongezea kwamba madereva wanajua kabisa pale unapolivuka wingu ukitoka Arusha kwenda Makuyuni, unalivuka kama mlango, nyuma kijivu mbele jua. Hicho sikukijua kama ni kitu watu wanakijua kwa jina la mahali. Jumapili wingu likafunguka, tukapima, sentimita 47, kuelekea kusini. Akachora mstari wa mkaa kwenye ubao akaupigilia pale chini.

Siku hiyohiyo ndo nilimuomba msamaha wa 2018. Nilimwambia kuhusu Afar, kuhusu Gelai, kwamba bara linapasuka kweli na alichokiona Mai Mahiu ni maji yaliyofukua majivu lakini kwenye bonde lilelile alilokuwa analisema yeye, na kwamba yale maneno ya watu waliosoma sikupaswa kuyasema kabisa. Akakaa kimya muda. Akaniambia kule Mai Mahiu alishuka kwenye lori akaenda mpaka ukingoni, akaona kuta za ule ufa ni za rangi ya majivu na zinamomonyoka zenyewe ukizigusa, na aliona mkondo wa maji umeingia upande mmoja. Aliona! Alikuwa na ushahidi wote wa maji mkononi mwake, siku ile chini ya turubai ningemuuliza tu mjomba kuta zilikuwaje, angenijibu, na wazee wote wangesikia jibu kutoka kwake. Mimi nikamkatisha nikaongea ya kwenye kitabu.

Hili limebadilisha ninavyobishana sasa. Mesej ikija, na zinakuja, ile ya kuzima simu usiku kwa sababu ya miale ya angani ilikuja tena mwezi wa tisa, naanza na kutafuta ni kipi humo ndani ni cha kweli, nakitaja kwanza kwa sauti, halafu namuuliza aliyeleta, kama hiki kingine nacho ni kweli tungeona nini hapa tulipo? Miale ya angani ipo, inatupiga sasa hivi na jana na juzi, kama ingekuwa inaua mwenye simu kitandani tungekuwa tumeshazikana. Si kila mtu anashawishika. Binamu mmoja bado anaamini ya afelioni na kaniambia wazi nimemloga mjomba. Sawa, nampenda hivyohivyo, mlango uko wazi, fito ipo.

Basi ndo ikaja mesej ya juzi. Nikaenda jana, Arusha joto, anga limefunguka, Meru yote iko wazi mpaka kilele. Fito ipo palepale, mjukuu kaitengenezea uzio wa matofali manne ili kuku wasiiangushe. Saa sita na dakika 40 na kidogo tukapima, sentimita 35, kuelekea kaskazini, upande wa pili kabisa wa mstari wa Julai. Nikamwambia mjomba, na siku hizi ndo jua liko karibu kuliko siku zote za mwaka, hii ndo ile milioni 147. Akaangalia juu kwa kujikinga na kiganja, akaangalia mstari, akasema "na bado ni sahani ileile."

Halafu akaniuliza, kama kivuli kilikuwa kusini na sasa kiko kaskazini, si kuna siku kilipita katikati? Nikamwambia ndio, zipo siku mbili kwa mwaka, kwa hapa kwetu ni kama tarehe mosi Oktoba, ambayo tumeshaipita, na nyingine inakuja karibu na tarehe 11 au 12 Machi, jua litakuwa utosini kabisa na fito haitakuwa na kivuli, hata kama hakuna wingu.

Akaingia ndani akatoka na peni nyekundu, akazungushia 11 na 12 kwenye kalenda ya ukutani, akamwambia mjukuu wake siku hizo asipange safari.